Nyundo ya Papa Onésime

Mjini Kalemie hakuna mtu mwenye akili zake aliyenunua ekseli ya trela bila kumwita Papa Onésime. Uwe na fedha zako, uwe na fundi wako, uwe na mpwa aliyesomea mitambo Lubumbashi mpaka akapewa karatasi yenye muhuri. Siku ya kununua utasimama tu nje ya bandari, mikono nyuma, ukimngoja mzee mfupi mwenye matege aje na nyundo yake. Akifika husalimia wote, hata wale asiowapenda. Kisha huagiza ekseli inyanyuliwe na kulazwa juu ya magogo mawili, maana iliyolala chini haisemi kitu. Huigonga mara tatu: kushoto, kulia, katikati. Ekseli nzima hulia kama kengele, sauti ndefu inayokwenda ikirudi. Yenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, hutoa mlio wa chungu kibovu. Mzee husema "iko nzima" au "imekufa", na hukumu hiyo haina rufaa.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, marehemu Ephraïm, mtu wa reli. Enzi ambazo treni ya Kabalo ilitoka na kuingia kwa saa zake, Ephraïm alitembea pembeni mwa mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Alimfundisha mwanawe mambo mawili. La kwanza, kabla hujamgonga mgeni, mgonge unayemjua, ili sikio likumbuke uzima unaliaje. La pili, ukishatoa kauli usiirudie. Ukikubali kubishana na mtu mmoja mbele ya chuma, kesho kila mtu atataka kubishana, na siku moja atashinda mpumbavu.

Onésime aliyashika yote mawili, na hilo la pili akalizidisha. Alikuwapo fundi aliyeitwa Léon, mtu mzima mwenye watoto wake, mkono mzuri, ambaye miaka sita iliyopita alithubutu kusema mbele ya watu, "Papa, mi nasikia kama hii iko na kasoro." Onésime alimwekea nyundo mkononi, akasema, "Basi kuanzia leo gonga weye, mi naenda kulala." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Léon hakurudi kazini. Leo anauza vocha za simu karibu na soko. Tuseme ukweli, ekseli ile ilikuwa nzima na mzee alikuwa sahihi. Lakini tangu siku hiyo, nyundo ikishasema, kila mtu alifyata mkia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema huyu alikuwa amesifiwa kwa miaka thelathini.

Mambo yalianza kuharibika mwaka jana, wakati wa mvua. Ekseli zilianza kufa. Zilizovuka na boti kutoka Kigoma, zilizong'olewa kwenye magari mabovu ya hapa hapa, hata moja iliyofika ikiwa bado ina grisi ya kiwandani: Onésime aligonga, akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema imekufa. Na hii imekufa. Na ile pale imekufa. Kwa miezi mitatu hakupitisha hata moja. Mzee alikasirika kwelikweli. Alimwambia mkewe, Mama Alphonsine, kwamba wachuuzi wa ng'ambo wametugeuza jalala, kila kilichooza kwao wanakivusha ziwa. Mchuuzi mmoja alibubujikwa na machozi pale pale bandarini. Wenye matrela nao wakaanza kunong'ona kwamba mzee ana lake jambo, haiwezekani vyuma vyote vya dunia vife mwaka mmoja.

Sasa, nyuma ya karakana yake mtaani Kataki kulikuwa na ekseli ya zamani iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti. Hiyo ndiyo iliyokuwa "yule unayemjua". Kila asubuhi kabla ya chai Onésime aliigonga mara moja, akasikiliza, ndipo akaanza siku yake. Asubuhi moja aliigonga ikatoa mlio mfupi, du, kama mtu aliyegonga mlango wa mbao. Alishtuka. Akaishusha kwa jeki, akaikwangua kutu yote, akaipaka petroli, akaifuta ikakauka, kisha akaipaka unga wa chaki. Ndivyo fundi anavyoutafuta ufa kwa macho: petroli hujificha ndani ya ufa, na ukishapaka chaki hutoka polepole na kuchora mstari. Alingoja. Mstari haukutokea. Ekseli ilikuwa nyeupe safi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akaining'iniza tena, na kwa hasira akaigonga kwa nguvu zake zote. Du. Akageuka kutukana, akamwona Ruben. Ruben ni fundi wake wa kuchomelea, wamefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili. Alikuwa amesimama langoni, ameziba masikio kwa mikono miwili, uso umemkunjamana, na kuku wa jirani walikuwa wakitawanyika kila upande.

"Aa, Papa!" Ruben alisema alipoondoa mikono. "Leo uko na nguvu. Hiyo mulio imenipasua kichwa."

Onésime alicheka. Kisha akaenda kukaa juu ya tairi nyuma ya nyumba, peke yake. Kwa hiyo si vyuma. Vyuma vilikuwa vikilia kama kawaida yake, na kilichokufa kilikuwa sikio lake. Akazikumbuka zile zote alizozikataa, akamkumbuka yule mchuuzi aliyelia. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, kwa maana aliijua vizuri hesabu ya maisha yake: hakusoma, hakuwa na shamba, hakuwa na mtumbwi, na mkono wake haukuwa bora kuliko wa Ruben. Alichokuwa nacho ni sikio.

Hakumwambia mtu. Mama Alphonsine hakuhitaji kuambiwa. Wiki nyingi alikuwa amemwona mumewe ameshika simu inayolia, akiitazama tu ikimwangaza uso mpaka inyamaze.

"Baba, mwambie Ruben," alimwambia. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mumewe alikuwa amempa mgongo. "Muficha maradhi, kilio kinamuumbua."

"Kilio cha nani?" Onésime aliuliza kwa ukali.

Mkewe aliendelea kuchambua maharage.

Ndipo Mama Philomène alipokuja. Mama huyu ni mfanyabiashara wa chumvi na unga. Trela lake, au rimoki kama tunavyosema sisi, huenda Nyunzu hadi Kabalo, na likirudi huleta mahindi na mafuta ya mawese. Safari ya mwisho lilikuwa limerudi likichechemea. Ekseli ya nyuma, ambayo hapa tunaiita esie, ilikuwa imeungua shingo, pale gurudumu linapokaa. Springi mbili zilikuwa zimekatika, na zilifungwa kwa kipande cha mti na mpira wa tairi. Breki ndizo usizitaje: kati ya magurudumu sita, manne yalikuwa yamekunjwa mipira ya hewa na kufungwa kwa uzi, kila moja tangu siku lilipovuja porini, na hakuna aliyerudi kulifungua. Dereva wake, Valère, alikuwa akishuka milima kwa gia na sala.

"Papa Onésime, ni miezi tatu sasa," Mama Philomène alisema, akiwa amesimama katikati ya karakana na kitenge chake kimekazwa kiunoni. "Kila esie unasema imekufa. Chumvi yangu inalia maji ndani ya depo. Leo kuna mbili zimefika bandarini. Kama unakataa tena, mi nitafunga yoyote, na Mungu ataona."

"Tutaenda kesho," Onésime alisema.

Jumanne asubuhi walikwenda: yeye, Ruben, Mama Philomène na Valère. Ekseli mbili zilikuwa zimelazwa karibu na ukuta, moja imejaa kutu, nyingine imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Mchuuzi aliyevuka nazo alikuwa kijana mcheshi wa Kigoma mwenye kofia ya sufu juani.

"Mzee wangu, shikamoo. Hizo ni chuma kitupu, chagua kwa raha zako."

Onésime alichagua kama fundi. Yote ambayo macho na vidole vinaweza kufanya aliyafanya, na kwa uangalifu kuliko siku zote. Alitoa kijiti chake chenye alama, akapima umbali kati ya vikalio vya springi. Ile ya kutu ilikuwa nyembamba kwa upana wa vidole vinne, na ukiilazimisha kwenye trela la Mama Philomène, springi zitakaa upande na kula matairi. Akaiacha. Ile nyeusi ilikubali kijiti sawasawa. Bomba lake lilikuwa la mraba, sawa na la zamani, kwa hiyo vikamatio vya springi vitaingia bila kutafuta vingine. Alihesabu bolti za gurudumu, zikatimia kumi. Aliingiza kidole ndani ya ngoma ya breki kutafuta ukingo unaoachwa na uchakavu, akaukuta mdogo. Alizungusha kitovu kwa kiganja, akahisi beringi zinakwenda laini. Chini ya bomba, karibu na kikalio cha kulia, kidole kilipita juu ya kijiuvimbe. Mtu aliwahi kuchomelea hapo, na rangi imefunika.

Hapo ndipo penye kosa, nanyi mnaosoma mtamlaumu, nami sitawazuia. Angeweza kuagiza rangi ikwanguliwe. Angeweza kutoa chaki mfukoni, ilikuwa mfukoni. Lakini lini Papa Onésime aliwahi kukwangua rangi ya ekseli bandarini? Fundi anayekwangua ni fundi asiyeiamini nyundo yake. Watu wangetazamana. Kabla ya saa sita habari ingefika sokoni, na kabla ya jua kuzama ingefika mpaka Lubuye.

Akaagiza magogo. Wakailaza. Wapakizi waliacha mizigo yao wakaja kutazama, kama kawaida. Mzee aligonga kushoto, akainamisha kichwa. Du. Kulia. Du. Katikati. Du. Alimtazama mchuuzi usoni kwa pembe ya jicho: mchuuzi anatabasamu. Alimtazama Mama Philomène: ameshikilia pumzi. Alimtazama Ruben, na Ruben alikuwa akitazama viatu vyake.

"Iko nzima," Onésime alisema.

Wapakizi wawili walitazamana. Kisha Mama Philomène alipiga makofi, Valère akacheka, wapakizi wakarudi kwenye magunia.

"Papa," Ruben alisema, akimsogelea. "Papa, tuipakie?"

"Nimesema nini?"

"Ndiyo, Papa."

Jumatano nzima walifunga. Wanaodhani kufunga ekseli ni kukaza nati waje siku moja wajaribu. Trela lilipandishwa juu ya jeki na magogo, ekseli ya zamani ikakatwa na kutolewa. Springi walizonunua kwa yule kijana wa Kigoma zilikuwa na majani kumi, yaani vipande vya chuma vinavyolazwa kimoja juu ya kingine. Mawili Onésime aliyarudisha kwa sababu mkunjo wake haukulingana na ndugu zao, na springi isiyolingana humtwika mwenzake mzigo wote. Aliweka vikamatio vipya, akavikaza kwa kupokezana, huku kidogo na kule kidogo, maana ukimaliza upande mmoja kwanza chuma hukaa kwa hila. Aliweka viatu vya breki vipya kwenye magurudumu yote sita. Ile mipira ya hewa iliyokunjwa aliikata akaitupa mbali kwa uchungu, akaunganisha mipya, akamwambia Valère akanyage, aachie, akanyage, huku yeye akitambaa chini na maji ya sabuni akitafuta mapovu.

Mwisho alipima kwa kamba, kutoka pini ya mbele inayoshika kichwa cha gari hadi ncha ya ekseli kushoto, kisha hadi ncha ya kulia. Zikatofautiana kwa unene wa kidole. Akalegeza, akasukuma, akapima tena. Alipima mara saba. Ruben alimshikia ncha ya pili ya kamba.

Mzee alikuwa akifanya kazi kama mtu anayeomba msamaha. Kila nati aliyokaza aliipa nguvu, kana kwamba uzuri wa nati ungeweza kuziba ufa kama ufa upo. Labda haupo, alijiambia. Kwa nini uwepo? Vyuma vingi ni vizima. Miezi mitatu amekataa vyuma vizima. Basi hiki nacho kimoja kati ya hivyo. Alijiambia hivyo mpaka jioni, na kila mara kidole chake kilikumbuka kile kijiuvimbe chini ya rangi. Sasa nyundo isingesaidia hata kwa mwenye masikio mazuri. Ekseli ikishafungwa kwenye springi na kubebeshwa mzigo, hailii tena kwa mtu yeyote.

Nyumbani hakula. Alimwambia mkewe ana tumbo.

"Ulisikia nini bandarini?" Mama Alphonsine alimuuliza, akiwa amesimama mbele yake ili aone midomo.

"Nilisikia iko nzima."

Mama Alphonsine akaondoa sahani.

Alhamisi asubuhi Onésime hakuwa na sababu ya kwenda kwenye depo, ghala la Mama Philomène. Fundi akishafunga hulala. Lakini miguu ilimpeleka. Trela lilikuwa limekwisha kupakiwa chumvi na unga mpaka juu, turubai limefungwa, na juu ya turubai, kama ilivyo desturi ya barabara ya Nyunzu, walikuwa wamekaa abiria: wanawake na mabeseni yao, mwalimu mmoja na godoro, mama mwenye mapacha, wazee wawili. Watu kumi na wanne. Valère alikuwa akisafisha kioo cha mbele kwa gazeti.

"Papa Onésime!" Mwanamke mmoja alimpungia mkono kutoka juu. Alikuwa Séraphine, jirani yake wa Kataki, mwenye kitambaa cha msiba kichwani. Mama yake alikuwa amefariki Nyunzu. Onésime hakusikia alichosema, akasogea, akaweka mkono sikioni. Séraphine aliinama kutoka juu ya turubai, akapaza sauti. "Nimesema, watu walikuwa wanaogopa kupanda! Nikawaambia, esie ni Papa Onésime aliipiga mwenyewe! Njo sababu wote tumepanda!"

Wenzake walitikisa vichwa kukubali na kumchekea mzee kwa upendo. Mama wa mapacha alimshika mtoto mmoja mkono akampungisha.

Onésime aliona barabara yote kwa mara moja. Aliuona mteremko mrefu wa njia ya Nyunzu, wenye kona chini yake, na daraja la magogo baada ya kona. Breki alizozifunga zilikuwa nzuri. Valère atakanyaga, magurudumu yatashika, na mzigo wote utailalia ekseli kwa nguvu ambayo breki mbovu zisingeipa kamwe. Kama ufa upo, ni breki zake nzuri zitakazoupasua. Alijua kwamba akiondoka sasa na kurudi nyumbani, hakuna atakayemuuliza kitu mpaka jioni.

"Mama Philomène," alisema. "Shusha watu."

"Ati nini?"

"Shusha watu. Na shusha muzigo wa nyuma."

Mama Philomène alicheka, kisha akaona uso wake. "Papa, usinifanyie hivyo. Tunaondoka sasa hivi."

"Fre zinashika muzuri kabisa, Papa," Valère alisema kutoka mlangoni, akimaanisha breki. "Nimejaribu mara tatu."

"Sizungumzi juu ya fre." Alikuwa akisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiosikia, na hakujua. Mpaka wapakizi wa depo la jirani waligeuka. "Mi sisikii. Masikio yangu imekufa. Ni miezi tatu sasa. Siku ile bandarini niligonga, sikusikia kitu. Nilisema iko nzima kwa sababu nilipata haya."

Mtu mmoja juu ya turubai alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Hakuna aliyemfuata. Séraphine ndiye aliyeanza kushuka, kiatu kimoja kikamwanguka, hakukiokota. Mama wa mapacha akampa mwalimu mtoto mmoja, kisha wa pili.

Mama Philomène hakuamini. Alisema maneno mengi na makali, na Onésime aliona kinywa chake kikifunguka na kufumba, akajua anatukanwa, akakubali. Alimtuma mpakizi akamwite Ruben. Magunia ya nyuma yalishushwa, jeki ikawekwa, gurudumu la kulia likatolewa. Ruben alifika, akaona, hakuuliza. Mzee alijilaza chini mwenyewe. Alikwangua ile rangi nyeusi inayong'aa mpaka chuma kikatokea, akakipaka petroli, akakifuta kwa shati lake, akatoa chaki mfukoni akaisaga kwa kiganja na kuipaka. Abiria walikuwa wamechuchumaa duara kuzunguka trela. Mama Philomène mwenyewe alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake kizuri.

Walingoja kidogo. Kisha, katika ule weupe, pembeni mwa mshono wa zamani, unyevu ulianza kutoka. Ulichora mstari mwembamba kutoka chini ya bomba ukapanda hadi nusu ya upande wake, mrefu kuliko kidole cha kati cha mtu mzima. Séraphine alikaa chini palepale, akafunika uso na kitambaa chake cha msiba.

Onésime alitoka chini ya trela, akajaribu kusimama, Ruben akamshika kiwiko. Mzee hakuukataa mkono. Alimtazama huyu mtu aliyekaa naye miaka kumi na miwili, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, ambaye juzi alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye magogo.

"Ruben. Bandarini ulikuwa pale. Nilipogonga, weye ulisikia nini?"

Ruben aliinamisha kichwa. Midomo yake ilitikisika. Onésime hakusikia, lakini aliona Valère amegeuza uso kando, na Mama Philomène ameweka mkono mdomoni, na wapakizi wa bandarini wawili waliokuwa wamekuja kutazama wakiangalia chini. Kila mtu kiwanjani alikuwa amesikia isipokuwa yeye.

"Sema kwa nguvu," mzee alimwomba. "Sikusikia."

Ruben aliinua uso wenye machozi, akapiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Nilisikia imekufa, Papa! Sisi wote tulisikia! Lakini weye ulikuwa umekwisha kusema!"